Feri siyo ndugu wa transfer

Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro jioni, tumebanana kwenye feri ya Likoni, Mombasa, mimi na mpwa wangu wa Gredi 8, mimi nimembebea mkoba wake wa shule na yeye kashika daftari la Kiingereza karibu na uso manake mwanga ulishaanza kuisha. Alikuwa anakariri. Import, export, transport, report, support, deport, portable. Anasema neno, anafumba macho, anarudia, anaenda la pili. Kila neno peke yake kama mtoto yatima.

Nikamuuliza, unajua haya maneno ni ndugu?

Akafungua macho. "Ndugu vipi mjomba?"

Nikamweleza. Kilatini kulikuwa na kitenzi portare, kubeba. Import ni kubeba ukaingiza ndani, export ni kubeba ukatoa nje, transport ni kubeba ukavusha, deport ni kumbeba mtu ukamtoa pale alipo, report ni kubeba habari ukairudisha kwa aliyekutuma. Support nikaisema mwisho kwa sababu ndiyo naipenda, pale mwanzoni kuna sub, yaani chini, kwa hiyo ni kubeba kitu kwa kukaa chini yake. Nikamwonyesha nguzo ya feri na bati lililo juu yake. Akaelewa papo hapo, nikaona kabisa uso umebadilika, akaanza kuyachorea mistari yote yaende kwenye neno moja katikati ya ukurasa.

Halafu akatazama huku na huku, watu, mikokoteni, pikipiki, magari, akasema, "Na feri je? Transfer, feri. Si nayo inabeba watu?"

Nikasema ndiyo.

Sikusita hata kidogo. Nikamwambia hiyo ni ferre, kitenzi kingine cha Kilatini, nacho maana yake kubeba, ndipo wakapata transfer, refer, prefer, offer, na ndiyo hii feri tumepanda. Akaandika kwa kalamu nyekundu, akazungushia duara.

Nilimfundisha uongo.

## Wiki tatu

Siku mbili baadaye dadangu akanipigia, ati binti amewaeleza darasa zima habari ya feri na mwalimu amefurahi mpaka wamempigia makofi. Dadangu ananishukuru na mimi nasema aah si kitu, lakini moyoni kuna kitu kikaniambia hebu kaangalie. Kazi yangu ni kutafsiri, nashinda na kamusi, na kamusi haijawahi kunisikitikia.

Nikafungua ya asili ya maneno. Ferry. Haitoki Kilatini. Ni neno la Waingereza wenyewe, la tangu zamani kabla Wanormani hawajaingia Uingereza mwaka 1066 na Kifaransa chao, linatoka ferian, kusafirisha mtu au kitu, na ni mtoto wa neno lao la kwenda, lile ambalo leo limebaki kwenye fare, nauli. Na ferre ya Kilatini ni ya ukoo mwingine kabisa.

Kufanana herufi tatu tu. F, e, r.

Ningeweza kuacha. Mtoto ana miaka 13, mtihani hautamuuliza feri imetoka wapi, na darasa lishapiga makofi. Lakini lilinikaa. Naenda kulala nalifikiria, naamka nalifikiria, kwa sababu nikajiuliza ni mangapi mengine nimewahi kumwambia mtu kwa uhakika ule ule. Kuna ile ya salary ambayo kila mwaka inarudi kwenye magrupu ya WhatsApp, kwamba askari wa Roma walikuwa wakilipwa chumvi. Neno salarium lipo na ni kweli lina uhusiano na sal, chumvi, lakini hakuna maandishi ya enzi hizo yanayosema askari alipewa mshahara wa chumvi mkononi. Hadithi ni tamu, basi inapita. Na mimi pale feri ndicho kilichonishika, utamu. Tupo juu ya chombo kinachobeba watu tunazungumzia maneno ya kubeba, sikutaka lisiwe kweli.

## Hamali

Katikati ya hizo wiki nikaenda kumuona baba.

Baba ni kuli mstaafu wa bandari ya Kilindini. Alibeba gunia za kahawa za kilo 60 kabla makontena hayajazagaa, na mpaka leo bega lake la kulia liko chini kuliko la kushoto, ukimtazama kwa nyuma anapotembea utaona. Hakusoma Kiingereza darasani, alikiokota gatini. Nikamkuta barazani na kahawa yake, nikamsimulia habari ya portare na watoto wake wote, na nikamwambia porter, lile neno wazungu walikuwa wakiwaita, ni wa nyumba hiyo hiyo ya import na export. Yaani kwenye kila fomu ya forodha ya nchi hii kuna jina la kazi yake limefichwa ndani.

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Kwani hamali ni nini?"

Nikasema hamali ni mbebaji.

"Na kuhimili?"

Hapo nikanyamaza mimi.

"Na kustahimili?" Akaweka kikombe chini. "Tulisomeshwa chuoni hayo, tukiwa watoto. Hamali, himili, stahimili, mzizi mmoja. Wewe umekwenda mpaka Roma kutafuta kitu kiko hapa barazani."

Ni kweli na nimekuwa nikiyatumia maneno yote matatu maisha yangu yote bila kuyaweka pamoja. Mzizi wa Kiarabu, herufi tatu, h na m na l, kubeba. Hamali anabeba kwa bega, nguzo inahimili paa, mtu anastahimili tabu. Na ukiangalia vizuri ni safari ile ile iliyofanyika kwa Kilatini, mzigo umetoka begani ukaingia moyoni, kwa sababu ile ferre yao ukiiwekea sub mbele unapata suffer. Kubeba kwa chini. Waingereza wakisema mtu ana-suffer, asili yake ni mtu aliye chini ya mzigo. Kustahimili tu hapo, basi.

Sisi hili jambo tunalijua bila kufundishwa. Mtoto wa Mombasa au Tanga akisikia hakimu, hukumu, mahakama, hekima, hata kama hajui neno moja la Kiarabu atahisi kuna harufu moja. Kitabu, katibu, katiba, maktaba. Elimu, mwalimu, taaluma. Na yetu wenyewe ya Kibantu ndiyo kabisa, andika, mwandishi, mwandiko, andiko, maandishi, hakuna anayekariri haya moja moja. Kwa nini basi Kiingereza tulipewa kama gunia la mawe, kila jiwe ulibebe kivyake? Mimi nimesoma miaka 12 ya shule na hakuna siku hata moja mtu alisimama mbele akasema hili na hili ni mtu na dadake. Hilo ndilo linaniuma zaidi kuliko kosa la feri, na ndilo lililonifanya siku ile nifungue mdomo.

## Upepo

Baba akaniuliza, na ile port ya bandari?

Hiyo ni portus, nikamwambia, siyo portare moja kwa moja ila babu yao ni mmoja huko mbali, pamoja na porta, lango. Wote wametoka kwenye wazo la kupita, kuvuka. Nikamwambia kuna neno moja la Kiingereza limezaliwa bandarini na watu wengi hawajui. Opportunity. Mabaharia wa Roma walikuwa na upepo wanaouita opportunus, ob portum, unaoelekea bandarini. Upepo unaokupeleka nyumbani. Ndipo ikawa wakati mzuri, ndipo ikawa nafasi.

Kwa hili sikuhitaji kumweleza zaidi. Baba amekulia Mji wa Kale wakati majahazi bado yanaingia mengi, ya Oman, ya Ghuba, ya Bara Hindi. Yalikuja na kaskazi, miezi ile ya Disemba mpaka Machi, yakasubiri kusi iyarudishe. Upepo ukikupita umekupita, utakaa hapo miezi. Akacheka akasema basi wazungu kila wakituambia tuna opportunity wanatuambia kaskazi imevuma.

Nimelitafakari sana hili. Tangazo la kazi kwenye gazeti, barua ya skolashipu, neno hilo limeandikwa mara tatu kwenye ukurasa mmoja, na ndani yake kuna tanga linajaa upepo na hakuna anayeliona.

## Ndugu wasiofanana

Halafu nikaanza kuogopa kidogo. Kama feri na transfer zinafanana na si ndugu, kumbe kufanana si kitu, na je, kuna ndugu ambao hawafanani kabisa?

Wapo. Na mmoja ndiye amenipa mkate miaka yote hii.

Transfer na translate.

Ferre ni kitenzi cha ajabu. Ukikipeleka wakati uliopita kinabadilika sura yote, kinakuwa latum, kama vile Kiingereza chenyewe go inavyogeuka went. Kwa hiyo Mroma akisema transferre anasema kuvusha, na akisema translatum anasema kilichovushwa. Kitenzi kile kile. Refer na relate vivyo hivyo. Mimi nimeandika translator kwenye kadi yangu ya kazi na sikujua kwamba maana yake ya chini kabisa ni mtu anayebeba kitu kutoka upande huu kwenda ule. Mimi pia ni hamali. Nilimwambia baba akafurahi kweli, sijui kwa nini alifurahi kiasi kile. Na Kiswahili hatukwenda njia hiyo, tafsiri yetu inatoka kwa Waarabu kwenye kufafanua, kueleza maana. Wao wanavusha, sisi tunaeleza. Nadhani ni kazi mbili tofauti na zote zinahitajika, ila siku hizi nikikwama kwenye sentensi najiuliza, hapa navusha au naeleza?

Na ndugu wasiofanana wamejaa hata kwa maneno tuliyoyachukua kwao tukayaandika kwetu. Kompyuta na akaunti ni ndugu, zote zimetoka computare, kuhesabu. Lakini akaunti na kaunti, ambazo ukizisikia utasema pacha, hazina hata mjomba mmoja, kaunti inatoka comes, mwenzi wa safari, baadaye mtu mkubwa wa mfalme, na eneo lake likaitwa hivyo. Kaunti zote 47 hazihusiani na kuhesabu.

Halafu gari. Ningeapa gari ni car. Siyo, ni Kihindi. Lakini chaji, ya kuchaji simu, hiyo ndiyo ndugu wa car. Warumi waliokota neno carrus kwa Wagauli, wenyeji wa kale wa Ufaransa, yaani gari la kukokotwa la magurudumu, wakatengeneza kitenzi carricare, kupakia mzigo kwenye gari. Kwa Wafaransa likawa charge, kupakia, kwa Wahispania likatoa cargo, na Waingereza kutoka kwa Wafaransa wa kaskazini wakapata carry. Kwa hiyo ukichomeka simu kwenye soketi unaipakia mzigo. Kago inayoshuka Kilindini na asilimia za betri yako ni mama mmoja.

Nilipofika hapo kwenye carry nikafunga kompyuta. Nilikuwa nimeshaona neno linalofuata.

## Kariakoo

Wengi mnajua Kariakoo ni wapi, ukiwa Dar ndipo unanunua kila kitu, na Nairobi kuna Kariokor. Wengi pia mnajua ni Carrier Corps, wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia waliobebea jeshi la Waingereza risasi na unga na dawa kuwafuata Wajerumani huko Tanganyika. Barabara hazikuwepo, ng'ombe na farasi walikufa kwa ndorobo, basi wakatumia vichwa vya watu.

Mwaka 1917 walikuwa wanachukua wanaume kwa lazima, vijiji vizima. Babu yake baba alichukuliwa huko Kwale. Hakurudi. Hakuna kaburi, hakuna barua, kuna jina tu ambalo ami yangu mkubwa alipewa. Walikufa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuuawa na risasi, waliuawa na kuhara damu na malaria na njaa.

Carrier ni carricare. Corps ni corpus, mwili, neno lile lile lililozaa corpse, maiti, na corporation, kampuni. Ukiyaweka pamoja na ukayachimba mpaka chini kabisa unapata mwili unaopakiwa mzigo.

Nilikaa na hiyo usiku mzima.

Kuna wakati huu mchezo wa mizizi ni raha tupu, unaona portare imeingia mpaka kwenye sport, ambayo zamani ilikuwa disport, kujibeba ukaondoka kwenye kazi, kujisahaulisha, na unacheka peke yako. Na kuna wakati unachimba unagonga mfupa. Sisi Kilatini hakikutufikia kwa vitabu tu. Kilitufikia kama jina la kambi. Watu walilisikia kwa masikio yao likitamkwa na afisa, karia-koo, wakalipa silabi zetu, na wale waliobaki hai wakarudi nalo.

Sikumwambia baba hilo la mwili. Nilitaka, nikaanza, halafu nikamuona lile bega nikamuuliza kama dawa yake ya presha imeisha.

## F na P

Kitu kimoja kilinirudisha kwenye feri.

Mwaka 1822 Jacob Grimm, yule yule wa hadithi za watoto, alichapisha maelezo ya jinsi sauti za lugha za ukoo wa Kijerumani, na Kiingereza ni mojawapo, zilivyoachana na za Kilatini na Kigiriki kwa utaratibu, si ovyo. Pale Kilatini kina p mwanzoni, Kiingereza cha asili kina f. Pater, father. Piscis, fish. Pes, foot. Na pale Kilatini kina f, Kiingereza kina b. Frater, brother.

Sasa chukua feri. Ina f. Ukitaka nduguye wa Kilatini usitafute kwenye f, tafuta kwenye p.

Port.

Niliinuka kwenye kiti. Ile ferian ya Waingereza wa kale na ile portus na porta na portare za Warumi zinarudi kwenye mzizi mmoja wa zamani sana kuliko hizo lugha zote mbili, wenye maana ya kuvuka, kupita upande wa pili. Na ferre niliyomtajia mtoto, ndugu yake wa Kiingereza ni bear, kubeba, ile ya unbearable. Kwa hiyo feri haikuwa ndugu wa transfer hata kidogo, lakini ilikuwa binamu wa mbali wa orodha yake yote ya mwanzo, import, export, transport, yale maneno aliyokuwa anayakariri nilipomkatiza. Angeniuliza kama feri ni ndugu wa port ningemwambia hapana, na hapo pia ningekosea.

## Likoni tena

Ijumaa nikamfuata shuleni makusudi ili tuvuke pamoja. Nilikuwa nimejiandaa kama naenda kuposa.

Tukasimama pale pale karibu na ukingo. Nikamwambia, mama, kuna kitu nilikwambia si kweli na ukakipeleka darasani, naomba radhi. Nikamweleza f na p polepole, nikimwandikia nyuma ya daftari, pater father, piscis fish. Alikunja uso. Akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Kwa hiyo nikiona mawili yanafanana nisiamini, na nikiona hayafanani pia nisiamini?"

Nikasema ndiyo, uangalie kwanza.

"Sasa si afadhali kukariri tu."

Sikuwa na jibu zuri, na sina mpaka sasa. Nilimwambia kukariri anayejua ni yule aliyekariri tu, lakini njia ukishaijua unaweza kumpitisha na mwenzio. Hakuonekana kuridhika. Akafungua ule ukurasa wenye duara jekundu. Nilidhani atafuta. Hakufuta, alipiga mstari mmoja juu ya transfer, duara akaliacha, halafu akavuta mshale mrefu kutoka feri mpaka kwenye port kule katikati, ukakatiza maneno mengine yote.

"Jumatatu nitawaambia," akasema. "Nitasema mjomba alikosea."

Nikasema waambie.

Feri ikaanza kupunguza mwendo. Akaniuliza, mbona binamu zake wa Dar wanasema pantoni, ile ya Kigamboni, wao pantoni yao imetoka wapi? Ulimi ulikuwa tayari umeshajipanga, nina hisia kali kabisa, nikaumeza.

"Sijui. Ngoja nikaangalie."

Akaandika pantoni chini kabisa ya ukurasa na alama ya kuuliza mbele yake, kwa penseli. Lango likashushwa, watu wakaanza kusukumana, tukashuka.

Saa tatu usiku nikamtumia meseji kwa simu ya mamake. Pantoni ni pontoon ya Kiingereza, imepita kwa Wafaransa, asili ni Kilatini, ponto, chombo bapa cha kuvushia, na ndani yake kuna pons, daraja. Hiyo kweli ni ya Kilatini.

Ikakaa tiki mbili za bluu muda mrefu.

Akajibu, "Una uhakika mjomba?"

Nikampigia picha ukurasa wa kamusi, nikamtumia.